Risasi Isiyotoka Katika Bunduki

  Mlezi wa chama aliniagiza nichague neno moja la sayansi, nilifanyie utafiti, kisha niwaeleze maana yake na historia yake kwa Kiswahili. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe ilinimaliza muhula mzima, na safari yenyewe ikaishia pahali ambapo sikutarajia kabisa, yaani uani kwa mjomba wangu kule Gazi.

Neno nililochagua ni risasi.

Sababu ya kulichagua ni nyanya yangu. Ilikuwa Desemba 2024, shule zimefungwa, nami nimekaa naye hapa Kinango tukipukusa mahindi huku redio ikizungumza. Ikaja habari kwamba Mahakama ya Juu imeamua kesi ya wakazi wa Owino Uhuru, kijiji cha Mikindani huko Mombasa, ambao waliugua kwa ajili ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Msomaji wa habari akasema watoto wa kijiji hicho walipopimwa walipatikana na risasi katika damu. Nyanya akaacha gunzi mkononi.

"Ati nini? Nani kawapiga watoto risasi?"

Nikamwambia, "Hapana nyanya, si risasi ya bunduki. Ni madini."

"Madini gani?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona jina nililo nalo ni lile lile. "Ni madini ya... risasi."

Akanitazama kama anayetazama mtoto aliyepelekwa shule kwa hasara, akaendelea na mahindi yake. Mimi nilicheka, lakini usiku sikuacha kufikiri. Kama mtu mzima mwenye akili timamu anasikia onyo la sumu na kuelewa kwamba ni habari ya bunduki, basi onyo hilo halijamfikia. Na yeye si peke yake. Nimejaribu kuwauliza wanafunzi wa kidato changu neno "risasi" linawaletea picha gani. Wote, nasema wote, walisema bunduki, isipokuwa mmoja aliyesema polisi.

Haya, tuingie katika somo lenyewe.

Neno risasi tumelipata kwa Waarabu, ambao husema rasas. Kwao kwanza kabisa ni jina la madini: yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu iliyofifia, ambayo ukiyakwaruza kwa kisu yanang'aa kidogo halafu yanafifia tena. Maana ya kitu kinachotoka kwenye bunduki ilikuja nyuma. Zamani za magobori, mtu alijitengenezea mwenyewe vya kupigia. Aliyeyusha madini haya, akayamimina katika kalibu, akapata vidonge. Yalifaa kwa kazi hiyo kwa kuwa ni mazito sana, na kwa kuwa yanayeyuka upesi: nyuzi 327 za Selsiasi zatosha, ambapo chuma hutaka zaidi ya nyuzi 1500. Moto wa kuni wa jikoni unaweza kuyayeyusha. (Likumbuke jambo hili, tutalirudia.) Basi kidonge kikaitwa kwa jina la kitu kilichokitengeneza. Siku zilivyosonga, mtoto akamficha mama yake, na leo ukisema risasi hakuna anayemkumbuka mama.

Mahali pamoja mama bado anaonekana. Wazee wetu waliita penseli "kalamu ya risasi", na Waarabu nao husema hivyo hivyo. Ajabu ni kwamba ndani ya penseli hamna risasi hata chembe. Ni grafiti, ndugu wa makaa, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Watu wa kale waliona ile alama ya kijivu kwenye karatasi wakadhani ni risasi. Kwa hiyo wewe unayetafuna penseli wakati wa mtihani wa hisabati, usihofu risasi ya katikati, ila wino na rangi za nje sizitetei.

Sasa geukia ukuta wa maabara yetu, kwenye ile chati ya elementi. Utaona namba 82 imeandikwa Pb. Herufi hizo hazifanani na risasi wala na jina la Kiingereza. Zimetoka katika neno la Kilatini, plumbum. Msomi wa Uswidi aliyeitwa Berzelius ndiye aliyeleta mpango wa kuziandika elementi kwa herufi za Kilatini, mwaka 1813, na mpango huo ndio unaotutesa mpaka leo. Warumi waliyatumia madini haya kutengenezea mabomba ya maji, kwa kuwa hukunjika bila kuvunjika. Ndiyo maana Mwingereza humwita fundi wa mabomba kwa neno lililotokana na plumbum, ingawa mabomba ya fundi wa siku hizi ni ya plastiki. Na ile kamba yenye kitu kizito ambayo mwashi huteremsha ukutani kuona kama umesimama wima, ambayo sisi twaiita timazi, Mwingereza huiita kwa neno la ukoo huo huo. Kwetu huku baharini kuna chubwi, kizito kinachofungwa kwenye mshipi au wavu uzame. Chubwi nyingi ni za risasi. Nalo neno hili nalo likumbuke.

Warumi walikuwa na plumbum mbili: nyeusi ndiyo hii risasi yetu, na nyeupe ni yale madini tuyaitayo kalai au bati, ya kulehemia. Waarabu pia walisema risasi nyeupe wakimaanisha kalai. Yaani kwa karne nyingi watu walipa vitu majina kwa macho: hiki cheusi, kile cheupe, vyote ni jamaa. Halafu wakaja waliopa majina kwa ulimi, na hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Mwaka 1597 bwana mmoja Mjerumani jina lake Andreas Libavius aliandika habari za chumvi nyeupe ya risasi, ambayo leo twaiita nitrati ya risasi. Yeye aliiita plumbum dulce, yaani risasi tamu. Aliiita hivyo kwa sababu ina utamu. Fikiria: huyo msomi aliionja! Hakuwa peke yake. Risasi ikikaa katika siki hutoa chumvi nyingine, asetati ya risasi, ambayo kwa muda mrefu iliitwa sukari ya risasi, maana nayo ni tamu. Warumi wa kale walikuwa wakichemsha maji ya zabibu katika vyungu vya risasi mpaka yakawa mazito kama asali, wakayatia katika divai na chakula. Waliona yamekolea utamu. Sehemu ya utamu huo ilikuwa sumu yenyewe.

Si kwamba hakuna aliyeshuku. Mjenzi wa Kirumi aitwaye Vitruvius, aliyeishi kabla ya kuzaliwa Masihi, aliandika kwamba maji ya mabomba ya udongo ni bora kwa afya kuliko ya mabomba ya risasi, akatoa ushahidi wake: watazameni mafundi wanaofanya kazi ya risasi jinsi walivyopauka. Miaka elfu mbili iliyopita! Kumbe onyo ni la zamani hivyo.

Kuna jina jingine ambalo nitalipita haraka kwa kuwa limenifurahisha tu. Risasi ikiokwa katika hewa kwa muda hugeuka unga mwekundu, ambao Warumi waliuita minium. Waandishi wa vitabu vya mkono waliutumia kupamba herufi na vijipicha vya ukurasani. Kwa kuwa vijipicha hivyo vilikuwa vidogo, neno la Kiingereza la kitu kidogo sana, "miniature", likazaliwa humo. Watu wengi hudhani lina uhusiano na "mini", kumbe ni mtoto wa rangi ya risasi. Na watu wa kemia ya kale, waliotafuta kugeuza risasi iwe dhahabu, waliifungamanisha risasi na sayari ya Zohali, nzito na ya pole pole. Tuwaache.

Mwisho wakaja waliopa majina kwa kuhesabu. Hao ndio waliotuletea maneno ambayo mlezi alitaka niyaeleze hasa. Mwaka 1787 wasomi wanne wa Ufaransa, Lavoisier akiwa mmoja wao, walichapisha utaratibu mpya wa majina ya kemia. Walisema jina la kitu lieleze kimetengenezwa na nini, lisieleze kinaonjaje. Katika utaratibu huo kulikuwa na kanuni ya mikia ya maneno, ambayo baadaye ilitumika kwa madini yenye tabia mbili. Risasi ni mojawapo. Chembe yake ikiungana na vitu vingine, mara nyingine hutoa elektroni mbili na mara nyingine nne. Ikitoa mbili, kampaundi yake iliitwa plambasi. Ikitoa nne, iliitwa plambiki. Mkia wa kwanza ni wa kiwango cha chini, wa pili ni wa kiwango cha juu. Basi ukisikia oksidi ya plambasi ujue oksijeni ni moja kwa kila risasi moja, na ukisikia oksidi ya plambiki ujue oksijeni ni mbili.

Maneno haya nimeyakuta katika kitabu kimoja kuukuu kilichotupwa kabatini, kimeliwa na mchwa pembeni. Mwalimu wa kemia alipoona nakisoma alisema, "Hayo ni majina ya wazee." Ni kweli. Mwaka 1919 Mjerumani Alfred Stock alipendekeza tuache mikia na tuandike tarakimu za Kirumi: risasi (II) na risasi (IV). Hivyo ndivyo tunavyoandika leo, na ni rahisi zaidi, maana zile zamani zilikutaka ukariri mkia wa kila elementi na idadi yake, nazo hazifanani. Ule unga mwekundu wa minium, kwa mfano, hesabu yake inaonyesha una risasi za aina zote mbili ndani yake, mbili za (II) kwa moja ya (IV). Mikia ya zamani ingeupa jina gani?

Tarakimu hizi nazo zina vichekesho vyake. Katika kikao cha chama nilisimama nikasoma "nitrati ya risasi mbili", na mwenzetu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Moja ilimkosa?" Kikao kiliharibika dakika tano nzima. Lakini alikuwa na haki. Tatizo la nyanya ni lile lile.

Nitrati hiyo tumeichoma muhula uliopita katika somo la naitrojeni. Wa kidato cha tatu wanakumbuka jinsi fuwele zilivyopasuka pasu! pasu! kama chumvi iliyotupwa motoni, moshi wa kahawia ukatoka, na chini ya testitubu ukabaki unga ambao ukiwa wa moto ni wa kahawia nyekundu na ukipoa ni wa njano. Mwalimu akatwambia tuandike: mabaki ni oksidi ya risasi (II). Mimi niliandika. Lakini mkono ulisita, kwa sababu ile rangi ya njano nilikwisha kuiona. Niliiona Gazi.

Mjomba wangu ni mvuvi. Kutoka hapa Kinango kwenda kwake ni kushuka mpaka Kwale, kisha Kombani, halafu barabara ya Lunga Lunga kupita Ukunda. Kila likizo ya Agosti nilikuwa nikienda, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kumsaidia kutengeneza chubwi. Alikuwa akichukua betri ya gari iliyokufa, anamwaga tindikali chini ya mti, anaipasua kwa shoka, anatoa mabamba na kuyatia katika sufuria kuukuu juu ya mafiga. Mimi napuliza moto. Baada ya muda madini hukusanyika chini yaking'aa kama kioo, na juu hufanya utando. Utando huo ni wa njano. Mjomba anaukwangua kwa kijiko cha bati na kuutupa pembeni pamoja na makapi mengine, kisha anamimina madini katika vishimo alivyochoma kwa kidole gumba kwenye mchanga mkavu. Yakipoa, tayari chubwi. Pale pembeni, kwenye makapi, ndipo kitinda mimba wake wa miaka minne alipokuwa akicheza. Alikuwa akiokota vipande na kuvipanga kama maduka. Na alikuwa, kama watoto wote wa umri huo, akilamba vidole.

Risasi tamu. Nilipofika kwenye jina hilo la Libavius katika maandalizi yangu niliweka kalamu chini.

Hebu sasa tulitazame betri kama watu wa kemia, maana hakuna kitabu kinachofundisha plambasi na plambiki vizuri kuliko betri ya gari. Ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na mpaka leo umbo lake la ndani ni lile lile. Ndani mna mabamba ya namna mbili yaliyotumbukizwa katika asidi ya salfuriki. Bamba moja ni risasi tupu, ya kijivu, isiyotoa elektroni bado. Bamba la pili limepakwa oksidi ya risasi (IV), rangi yake ni kahawia iliyokoza: huyo ni plambiki. Gari likiwashwa, risasi tupu hutoa elektroni mbili mbili, na plambiki huzipokea. Kila mmoja anashuka au kupanda mpaka wanakutana katikati, wote wakiwa risasi (II), yaani plambasi, katika umbo la salfati nyeupe. Ukiichaji, wanarudi kila mmoja kwake. Betri ikizeeka, ile salfati nyeupe inang'ang'ania na hairudi tena. Ndiyo betri iliyokufa. Ndiyo aliyokuwa nayo mjomba.

Kwa hiyo ndani ya sufuria yake hamkuwa na "risasi" tu. Mlikuwa na madini matupu, na oksidi mbili, na salfati, na juu ya moto ikazaliwa ile oksidi ya njano. Kiswahili chetu cha kila siku kinaviita vyote risasi. Lakini havifanani katika madhara, na hapa ndipo jina linapokuwa na kazi. Donge la chubwi ukilishika na kuosha mikono, hatari yake ni ndogo kuliko ya unga. Unga wa oksidi hupeperuka, hukaa juu ya ugali, hushika vidoleni, huingia puani. Mtu anaweza kusema, mbona oksidi hiyo haiyeyuki katika maji? Ni kweli haiyeyuki vizuri. Lakini tumboni mwetu hamna maji peke yake, mna asidi ya haidrokloriki, na huko inayeyuka. Ikishaingia katika damu, mwili unadanganyika kwa sababu risasi (II) ina chaji mbili kama kalsiamu, basi unaipokea na kuihifadhi katika mifupa na meno kana kwamba ni chakula. Inazuia damu kutengenezwa sawasawa, ndipo mtu anapauka kama alivyosema Vitruvius. Inasokota tumbo. Kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo ungali unajengwa, na sehemu hiyo hairudi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama. Ugonjwa wenyewe waganga waliupa jina kutokana na lile lile plumbum.

Mambo haya yalitokea kweli Owino Uhuru, tena si kwa sufuria moja, bali kwa kiwanda kilichoanza kazi mwaka 2007 kikafungwa 2014. Watu wapatao 3000 walikuwa wakiishi ukutani mwake. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa humo mwaka 2009, na mtoto wake mchanga akaugua. Vipimo vilipoonyesha risasi katika damu ya mtoto, mama huyo hakunyamaza. Aliandamana, alikamatwa, aliendelea, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Wakazi wakaenda mahakamani. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hiyo ndiyo habari iliyosimamisha gunzi la nyanya.

Wengine watasema hayo ni ya mjini, ya viwanda. Si hivyo. Risasi imetuzunguka. Katika kaunti ya Kilifi kuna Kinangoni (msiichanganye na Kinango yetu, ingawa barua huenda zimewahi kuchanganyika) ambako palichimbwa risasi katika mwamba. Hewa tuliyovuta zamani ilikuwa nayo: tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa kampaundi ya risasi ili injini isigonge, na Kenya iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006 pamoja na nchi nyingi za kusini mwa Sahara. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Sisi tuliozaliwa baada ya hapo tuna bahati ambayo hata hatuijui.

Na kuna wanja. Hapa najua nitawakasirisha akina mama, lakini nitasema. Ule wanja wa jiwe unaosagwa, ambao hupakwa hata watoto wachanga kwenye nyusi na kipaji cha uso, mara nyingi jiwe lake ni galena, yaani salfidi ya risasi (II). Vipimo vya nchi mbalimbali vimeonyesha hivyo mara nyingi. Si kila wanja. Ule wa masizi hauna. Lakini kwa macho huwezi kuutofautisha, vyote ni vyeusi, na tumekwisha ona yaliyowapata waliopa vitu majina kwa macho. (Tena neno la Kiarabu la wanja, al-kuhl, ndilo lililozaa "alkoholi". Hilo niliachie mwaka ujao, kama mlezi atanipa kurasa.)

Sasa turudi kwenye swali la nyanya: tuiiteje? Katika kikao chetu kulikuwa na makundi matatu. Kundi moja lilitaka tuseme "madini ya risasi" kila mara, kwa ukamilifu. Mimi sioni kama inasaidia, nimeijaribu na nyanya mnajua ilivyokwisha. La pili lilitaka tuchukue Kilatini, tuseme plumbi, kama tulivyochukua oksijeni na haidrojeni bila kuona haya. Mimi nilikuwa huko, na maabarani bado niko huko: "nitrati ya plumbi (II)" haimfanyi mtu acheke. Ila nilipoipeleka nyumbani, nyanya aliuliza kama plumbi ni jina la Mhindi mwenye kiwanda.

Kundi la tatu lilikuwa la mtu mmoja, msichana ambaye baba yake ana kibanda cha kuchaji betri. Alisema wao nyumbani husema "unga wa betri", na mtoto yeyote pale anajua unga wa betri haulambwi. Mlezi alicheka akasema hilo si neno la kisayansi. Nilicheka pia. Baadaye nikaanza kujiuliza ni nani kati yetu aliyekuwa mwanasayansi.

Jumamosi iliyofuata niliomba nauli nikaenda Gazi. Kumwambia mjomba wako kwamba kazi aliyoifanya tangu hujazaliwa ina sumu si jambo jepesi. Mtoto humwelezaje mkubwa wake? Nilimwamkia, nikakaa, nikanywa chai, nikazungumza habari za bamvua na bei ya pweza. Mwishowe nikamwomba ile sufuria. Nikamwonyesha utando wa njano uliokauka ukingoni. Sikusema risasi. Sikusema plumbi wala oksidi ya risasi (II). Nikasema, "Mjomba, huu unga wa betri una utamu kidogo. Ndiyo maana mtoto anaulamba."

Alinyamaza. Akamwita mkewe, "Mama Fulani, yule mtoto tumbo lake linamsokota tangu lini?" Mkewe akasema tangu kaskazi ilipoanza, na dawa ya minyoo amekunywa mara mbili.

Siku ile ile tulifukia makapi yote katika shimo refu mbali na kisima, tukiwa tumefunga leso puani na kuyalowesha kwanza yasitimke. Sufuria tuliizika humo humo. Mjomba sasa ananunua chubwi zilizokwisha tengenezwa, anasema ni ghali, na kila nikimpigia simu ananikumbusha bei yake. Mtoto anatakiwa apimwe damu, na kipimo hicho hakipatikani kila mahali; wameambiwa waende Mombasa mwisho wa mwezi, wakipata nauli ya watu wawili.

Nyanya ameniuliza jana kama majibu yametoka. Hakuuliza habari za risasi. Ameuliza, "Ule unga, umeonekana?"